Nani Humwuliza Mganga? Habari za Tiba Katika Kitale na Bungoma

Mgonjwa ni mtu mnyonge. Aingiapo katika nyumba ya tiba huacha mlangoni cheo chake na nguvu zake, na mara nyingi huacha hata sauti yake. Mtu akimpa fundi saa yake aitengeneze, naye fundi akaiharibu, mwenye saa atamdai. Akimpa mshona nguo kitambaa, kikakatwa vibaya, atataka kingine badala yake. Lakini mwili hauna badala, na mwenye mwili mara nyingi hawezi kujua kama kilichomdhuru ni maradhi au ni tiba. Kwa sababu hiyo wanadamu wa kila zama wamekuwa na swali moja zito: mganga akikosa, nani humwuliza?

Katika insha hii tutalifuata swali hilo katika miji miwili jirani ya magharibi ya Kenya. Kitale ni mji mkuu wa Trans Nzoia, nchi ya mahindi. Bungoma uko upande wa kusini-magharibi, katika nchi ya Wabukusu. Na Mlima Elgon huitazama miji yote miwili. Mambo mengi yaliyotokea huko yametokea kwingine pia. Walakini huko Bungoma swali letu lilifikishwa mbele ya jaji, likajibiwa kwa maandishi, na jibu lenyewe lafaa kujulikana na kila kijana.

Kabla ya kuanza, yafaa tufahamiane juu ya maneno mawili. Tiba huitwa njema ikiwa mgonjwa amepata dawa inayohusu ugonjwa wake, kwa kipimo chake, kwa wakati wake, na kutoka kwa mtu anayemheshimu. Tiba huitwa salama ikiwa mgonjwa hatoki na dhara ambalo hakuingia nalo. Maneno haya ni mepesi kutamka, lakini kuyatimiza kumewachukua watu miaka mingi, na kazi haijaisha.

Zamani, kabla ya reli na kabla ya hospitali, watu wa nchi hizi walikuwa na waganga wao. Walikuwapo wajuzi wa miti na mizizi, walikuwapo wakunga, na walikuwapo wenye kuunga mifupa. Kwa Wabukusu alikuwapo pia omukhebi, yaani ngariba, ambaye kazi yake ingali ikiendelea hata leo katika miezi ya Agosti ya miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024. Omukhebi hafanyi kazi yake mafichoni. Huifanya uani kwa baba wa kijana, mchana kweupe, na jamaa na majirani wamesimama kumzunguka. Mkono wake ukitetemeka, watu huuona. Akimdhuru mtoto, habari huenea upesi kuliko yeye mwenyewe awezavyo kutembea, na mwaka mwingine haitwi.

Tusiwasifu watu wa kale kupita kiasi. Hawakuwa na habari ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kisu kimoja kiliweza kupita kwa vijana wengi. Ugonjwa wa ukimwi ulipoingia, wazee na wahudumu wa afya walipaswa kuhimiza kwamba kila kijana awe na kisu chake, na wazazi wengi wakachagua kuwapeleka wana wao hospitali. Lakini katika desturi ile ya kale mlikuwa na jambo moja la maana: mganga alifanya kazi mbele ya watu waliomjua, nao waliweza kumwuliza. Ujuzi ulikuwa mdogo, lakini ushahidi ulikuwa mkubwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yaligeuka. Walowezi wa Kizungu walifika Trans Nzoia wakapewa mashamba makubwa, na idadi yao ikaongezeka baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1926 reli ya tawi kutoka upande wa Eldoret ilifika Kitale, ili kubeba mahindi ya walowezi kwenda pwani. Bungoma ulikua kandokando ya reli kuu iendayo Uganda, iliyojengwa katika miaka hiyo hiyo. Watu wengi kutoka upande wa Bungoma walikwenda kufanya kazi ya kibarua katika mashamba ya Trans Nzoia, na hivyo maradhi ya upande mmoja yakawa maradhi ya upande wa pili.

Katika Kenya ya ukoloni wagonjwa waligawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na hospitali zao au wodi zao, Wahindi zao, na Waafrika zao, na fedha hazikugawanywa kwa hesabu ya watu. Kibarua wa shambani alikuwa na haki ndogo iliyoandikwa katika sheria: tajiri wake alitakiwa kumpa dawa akiugua kazini. Mara nyingi dawa yenyewe ilitolewa barazani asubuhi na mke wa mlowezi, ambaye hakuwa mganga, kutoka katika sanduku lenye kwinini, chumvi ya haluli na dawa ya vidonda. Huenda mama huyo alikuwa na huruma, na huenda kwinini yake iliponya wengi. Lakini akikosea kipimo, kibarua angemwuliza nani? Yeye aliyempa dawa ndiye aliyempa ujira, na nyumba aliyolala ilikuwa juu ya shamba lake.

Kwa upande mwingine walikuja wamisionari. Marafiki, wale waitwao pia Wakweka, walitoka Marekani wakafika Kaimosi mwaka 1902, na baadaye wakaendelea kaskazini hadi Lugulu, katika nchi ya Bungoma, mahali ambapo jina lao hata sasa lahusiana na hospitali. Wakatoliki nao walijenga misheni zao. Serikali ilipoanzisha mabaraza ya wenyeji kwa sheria ya mwaka 1924, mabaraza hayo yalitumia sehemu ya kodi za watu kujenga zahanati ndogo vijijini. Ndipo alipotokea mtu ambaye wazee wengi humkumbuka hata leo, naye ni dresa. Huyu alikuwa Mwafrika aliyefundishwa kuosha na kufunga vidonda, kupima homa, kutoa dawa chache na kupiga sindano. Kwa watu wa kijijini dresa ndiye aliyekuwa daktari, kwa kuwa daktari mwenyewe alikuwa mbali na njia zilikuwa za matope.

Sindano ndiyo iliyoshinda mioyo ya watu. Katika miaka ya 1920 Serikali ilipigana na ugonjwa wa buba, ugonjwa wa vidonda vibaya uliowatesa wakubwa na watoto, nao ulitibiwa kwa sindano. Mtu aliyekuwa na vidonda mwili mzima aliona ngozi yake ikitengenea baada ya sindano chache. Haikuwa ajabu basi kwamba watu walianza kuamini kuwa tiba isiyo na sindano si tiba. Imani hiyo ilikuwa na hatari yake. Bomba la sindano la siku zile lilikuwa la kioo, na sindano ile ile ilitumika kwa mtu mmoja baada ya mwingine. Usalama wote wa mgonjwa ulikuwa katika sufuria ya maji yanayochemka. Kama kuni zilikuwapo, kama maji yalikuwapo, na kama dresa hakuwa na haraka, sindano ilichemshwa ikawa safi. Kama kimoja katika hivyo kilikosekana, mgonjwa hakuwa na njia ya kujua. Sindano iliyochemshwa na isiyochemshwa hazitofautiani kwa macho.

Hapo twafika kwenye kiini cha jambo. Hatari nyingi za tiba hazionekani kwa mgonjwa mmoja. Huonekana kwa yule tu anayehesabu wagonjwa wengi. Ili tulifahamu jambo hili vizuri, tutoke kidogo Afrika twende Vienna, mji mkuu wa Austria, katika hospitali kuu ya huko miaka ya 1840. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za kuzalia. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao. Ya pili na wakunga. Mwaka 1846 katika wodi ya madaktari walikufa zaidi ya wanawake 11 katika kila 100 kwa homa ya uzazi, na katika wodi ya wakunga walikufa wasiofika 3. Wanawake wa mji walilijua jambo hilo, na wengine walilia wakiomba wasipelekwe kwa madaktari. Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, hakuwadharau. Alishika daftari akahesabu, akatafuta sababu, akaona kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Mwaka 1847 aliamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwaka 1848 vifo katika wodi ile vilishuka hadi kuzidi kidogo 1 katika kila 100.

Mtu angedhani kwamba madaktari wa Vienna walishangilia. Wengi walikasirika. Hawakupenda kuambiwa kwamba mikono yao wenyewe, mikono ya watu wenye elimu, ndiyo iliyoua. Semmelweis alikufa mwaka 1865 bila kuheshimiwa, na miaka mingi ilipita kabla dunia haijakubali maneno yake. Habari hii yatufundisha kwamba elimu peke yake haimfanyi mganga kuwa salama. Hapana budi awepo mwenye kuhesabu, na hapana budi mganga mwenyewe akubali kuulizwa.

Sasa turudi Kenya ya ukoloni tuulize: nani alimwuliza dresa wa Bungoma au daktari wa Kitale? Dresa aliulizwa na daktari wa wilaya, kila alipokuja kwa ukaguzi. Daktari wa wilaya aliulizwa na wakubwa wake wa Nairobi, nao waliulizwa na London. Daftari lilijazwa: wagonjwa wangapi wamekuja, chupa ngapi za dawa zimetumika, shilingi ngapi zimepatikana. Lakini katika ngazi hiyo ndefu hapakuwa na kidato kwa ajili ya mgonjwa. Maswali yote yalipanda juu, hapana lililoshuka kwenda kumwuliza mama aliyeketi bencharini, “Je, umetibiwaje?”

Kenya ilipata uhuru mwezi wa Desemba 1963. Viongozi wapya walitangaza kwamba maadui wa taifa ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 Serikali iliondoa malipo ya wagonjwa wa nje katika hospitali zake, na watu wakaja kwa wingi. Mipaka ya rangi iliondolewa, na mtoto wa kibarua wa Trans Nzoia aliweza kulazwa katika wodi ambayo baba yake asingeruhusiwa kuingia ila kwa kuifagia. Jambo hilo lilikuwa kubwa, na asiyelitambua hajui tulikotoka. Mwaka 1970 zahanati na vituo vya afya vilivyokuwa chini ya mabaraza ya wilaya vilitwaliwa na Serikali kuu.

Lakini mlango ukifunguliwa na chumba kisipanuliwe, watu husongamana. Foleni zilirefuka, dawa zikaanza kwisha kabla ya mwezi kwisha, na nyingine zilipotea njiani. Ili kuuziba ufa huo, tangu mwaka 1981 Serikali ilianza kupeleka dawa katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini kwa masanduku yaliyofungwa na kutiwa lakiri, kila sanduku likiwa na kipimo kilichojulikana. Mpango huo wafaa kukumbukwa kwa sababu ulionyesha kwamba ubora wa tiba unaweza kutengenezwa kwa akili ya kawaida: hesabu wagonjwa, pima dawa, funga sanduku, mwulize anayelifungua.

Mwezi wa Desemba 1989 malipo yalirudishwa, kwa jina la kuchangia gharama. Watu wengi waliacha kwenda hospitali, na mwaka uliofuata sehemu ya malipo ilisimamishwa, kisha ikarudi tena kwa namna nyingine. Mwaka 2004 ilikatwa shauri kwamba katika zahanati mgonjwa alipe shilingi 10 na katika kituo cha afya shilingi 20. Hivyo kwa muda wa miaka 40 malipo yaliondoka na kurudi kama maji ya bahari. Majadiliano yote yalikuwa juu ya bei ya kuingia mlangoni. Machache sana yalikuwa juu ya yale yaliyompata mtu baada ya kuingia.

Wale walioshindwa kulipa, au waliochoshwa na foleni, walikwenda dukani. Katika vijiji vya Bungoma, mahali penye malaria nyingi, duka la bidhaa ndilo lililokuwa zahanati ya kwanza: sabuni huku, sukari huku, na vidonge vya homa kati yake. Kwa miaka mingi kidonge hicho kilikuwa klorokwini. Lakini vimelea vya malaria vilizoea dawa hiyo, ikawa haiwezi tena kuviua, na mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Habari hizo zilifika Wizarani upesi, lakini dukani zilichelewa. Mama alinunua kidonge alichokizoea, mwenye duka aliuza kwa nia njema, na mtoto aliendelea kuchemka. Ndiyo sababu katika Bungoma walijaribu kuwafundisha wauzaji wa jumla wa dawa, ili nao wawafundishe wenye maduka madogo dawa ipi iuzwe na kwa kipimo gani. Twaona hapa kwamba mtu aweza kudhurika bila kuwapo mtu mbaya hata mmoja. Nia njema haitoshi. Habari iliyo sahihi lazima imfikie anayetoa dawa.

Mwaka 2003 jambo moja lilitukia ambalo liliwafikirisha watu wa pande hizi. Michael Kijana Wamalwa, mzaliwa wa nchi ya Bungoma na mbunge wa Saboti katika Trans Nzoia, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Aliugua, akapelekwa London, na huko alifariki tarehe 23 Agosti 2003. Hakuna awezaye kumlaumu mgonjwa kwa kwenda mahali ambapo anatumaini kupona. Lakini wakulima waliomlilia Kitale hawakuwa na London yao. Baadaye hospitali kubwa ya rufaa na mafunzo iliyojengwa Kitale ilipewa jina lake, na jina hilo ni kumbukumbu na pia ni deni: hospitali yenye jina la kiongozi yatakiwa iwe mahali ambapo kiongozi mwenyewe angekubali kulazwa.

Mwaka 2010 Wakenya walipiga kura wakajipatia Katiba mpya. Kifungu cha 43 kinasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na huduma za uzazi, na kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wanawake watajifungua bila malipo katika hospitali za Serikali. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, kazi ya kuendesha hospitali nyingi ilikuwa ikihamishwa kutoka Serikali kuu kwenda kwa serikali za kaunti. Maneno yalikuwa mazuri, na wanawake waliyasikia wakaja.

Katika mwezi ule wa Agosti 2013 mwanamke mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali ya wilaya ya Bungoma. Mahakama ilimtaja kwa herufi tu, nasi hatuhitaji zaidi. Ingawa tangazo lilisema huduma ni bure, alitakiwa anunue mwenyewe dawa ya kuanzisha uchungu na pamba. Uchungu ulipomzidi, alikwenda kwa miguu yake hadi chumba cha kuzalia, akaona vitanda vyote vina watu. Akageuka kurudi wodini. Njiani aliishiwa na nguvu, akaanguka, akazirai, na mtoto akazaliwa sakafuni. Alipopata fahamu alikuta wauguzi wakimpiga makofi na kumtukana kwa kuwa ameichafua sakafu. Kisha aliamriwa ainuke arudi chumba cha kuzalia, akibeba mwenyewe kondo la nyuma.

Mambo kama hayo huenda yametokea mara nyingi bila kujulikana. Safari hii palikuwa na tofauti moja. Mtu mmoja aliyekuwapo alikuwa na simu mkononi, akapiga picha, na picha hizo zikaonyeshwa katika televisheni nchi nzima. Ushahidi ule wa kale, wa uani kwa baba wa kijana, ulikuwa umerudi kwa njia mpya.

Mwaka 2014 mwanamke huyo alifungua mashtaka katika Mahakama Kuu ya Bungoma, akisaidiwa na mawakili wanaotetea haki za uzazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa amezaa mbele ya watu na kuaibishwa mbele yao, naye akakataa kuificha aibu ambayo haikuwa yake. Kesi ilichukua miaka 4. Katika muda huo madaktari wa nchi nzima waligoma kwa siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utimizwe mkataba uliotiwa sahihi Juni 2013. Na wauguzi nao waligoma kwa karibu miezi 5 katika mwaka 2017. Migomo hiyo iliwaumiza wagonjwa wengi. Walakini ilionyesha pia kwamba mtumishi wa hospitali ana maswali yake: nitawahudumiaje watu wengi hivi, na vifaa viko wapi?

Tarehe 22 Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni alitoa hukumu. Alisema kwamba haki za mwanamke yule zimevunjwa: haki ya afya, haki ya heshima ya utu, na haki ya kutotendewa kikatili. Aliamuru alipwe shilingi 2,500,000 na aombwe radhi rasmi. Lakini jaji hakuishia kwa wauguzi. Alisema kwamba Serikali kuu na serikali ya kaunti nazo zimekosa, kwa kuwa hazikutenga mali ya kutosha kwa huduma waliyoitangaza, wala hazikusimamia na kukagua kama kipimo cha huduma hiyo kinafuatwa.

Sehemu hiyo ya mwisho ya hukumu ndiyo yenye uzito mkubwa katika historia yetu. Ingalikuwa rahisi kusema kwamba wauguzi wachache walikuwa na roho mbaya, wakaadhibiwa, mambo yakaisha. Kumpiga mzazi hakuna udhuru. Lakini hata muuguzi mwenye moyo wa dhahabu hawezi kumlaza mwanamke juu ya kitanda kisichokuwapo. Aliyetangaza kwamba mlango uko wazi alipaswa kwanza kuhesabu vitanda, na baada ya kutangaza alipaswa kutuma mtu wa kwenda kuona. Ahadi ni deni, na mdai wa deni hili alikuwa mwanamke maskini ambaye zamani katika ngazi ile ndefu hakuwa na kidato. Sasa swali lilishuka kutoka juu: jaji aliiuliza Serikali kwa niaba ya mgonjwa.

Tusidhani kwamba hukumu moja imeponya kila kitu. Yapo mabaraza ya kisheria yanayosajili madaktari, wauguzi na waganga wasaidizi, na kila kliniki, ya Serikali au ya mtu binafsi, yatakiwa iwe na leseni. Wapo wakaguzi wenye orodha ya mambo ya kutazama: maji, sabuni, chombo cha kutupia sindano zilizotumika, dawa ambazo muda wake haujapita, daftari lililojazwa sawasawa. Lakini mkaguzi huja siku moja, na mgonjwa huja kila siku. Ndiyo maana kazi ya kuuliza haiwezi kuachiwa mkaguzi peke yake.

Basi nawe msomaji, unaposoma habari hizi darasani, ujue kwamba zakuhusu. Siku moja utampeleka ndugu yako mdogo au bibi yako katika zahanati ya karibu. Unaweza kuuliza kwa adabu: dawa hii ni ya ugonjwa gani, inywewe mara ngapi, na kama hali ikizidi turudi lini? Unaweza kutazama kama aliyekuja kumshika mgonjwa amenawa mikono, na kama sindano imetolewa katika karatasi yake mpya. Unaweza kuangalia kama leseni imebandikwa ukutani. Mganga mwema hakasiriki kwa maswali hayo, maana anajua kwamba yanamlinda yeye pia. Ikiwa kuna jambo baya limetendeka, pana mkubwa wa zahanati, pana afisa wa afya wa kaunti, na pana baraza la waganga. Na kama tulivyoona, pana mahakama.

Tena wengine kati yenu ndio mtakaokuwa wauguzi na madaktari wa kesho huko Kitale, Bungoma na kwingineko. Mtafanya kazi wakati mwingine pasipo na glavu za kutosha, usiku, mkiwa wawili na wagonjwa wakiwa arobaini. Siku hiyo mkumbuke sufuria ya dresa, daftari la Semmelweis na sakafu ya Bungoma. Naweni mikono ingawa hapana anayewaona. Andikeni katika daftari yaliyo kweli, hata yale yanayowatia aibu. Na mwulizeni mama anayeketi bencharini swali ambalo kwa miaka mingi hapana aliyemwuliza: “Je, umetibiwaje?”